Mjane wa Siku ya Tomaso

Wexbourne, Uingereza
3 Julai 2024

Vénant, ndugu yangu,

Leo ni Tomaso Mtume. Nimetoka kusoma misa mbele ya wazee tisa na mbwa mmoja, chai iko mezani, na nimeamua kukuandikia kwa karatasi kama tulivyokuwa tukiandikiana wakati wa likizo za seminari. Sababu utaiona ndani ya bahasha: nakala hizi ukizisoma kwenye simu utaua macho bure.

Kaunti hii ninakotumikia ina chama cha watu wanaopenda mambo ya kale. Kila mwaka wanachapa kitabu kimoja cha kumbukumbu za kaunti yao: wosia, ubatizo, kesi za vijijini. Wanachukua hati zenyewe, wanazisoma neno kwa neno, wanazitafsiri na kuzichapa ili zisipotee. Wengi wao ni walimu wastaafu, na Kilatini kimewapiga chenga. Basi siku moja baada ya misa, katibu wao, mama mmoja mkali kidogo, akaniuliza kama mapadri wa siku hizi bado wanakijua. Nikamwambia mimi nilifundishwa kwa fimbo, Kigoma.

Wamenipa niwe mhariri wa kitabu kijacho! Ni kesi za mahakama ya kijiji cha Aldersham, miaka ya 1360. Mtoto wa Kasulu, mhariri wa Waingereza. Ungewaona wanavyohangaika na tarehe. Hati hizi hazisemi tarehe ishirini ya mwezi fulani, zinasema Jumatatu kabla ya sikukuu ya mtakatifu fulani, na wenzangu kila mara wanafungua majedwali kumtafuta huyo mtakatifu. Mimi ninao wote kichwani. Katibu hukubali neno langu bila kuuliza.

Lakini hati kumi na mbili, mwandiko wake umenishinda. Nikakumbuka nani alikuwa wa kwanza darasani kila muhula, na nani alikuwa wa pili. Utanisaidia?

Msalimie Mama Annick, na Annick mwenyewe.

Wako,
Padri Alphonse

*

Rissne, Stockholm
29 Julai 2024

Baba Padri Mhariri,

Nimepokea nakala zako. Nimepokea na habari zako, nazo zilikuwa nzito kuliko nakala.

Kumbe wa pili naye anafika. Usinielewe vibaya, nimefurahi, nimefurahi kama mtu anayeona jirani ameezeka bati jipya. Mimi hapa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, napanda treni ya chini ya ardhi hadi Kista, nasafisha ofisi za watu ambao hawajawahi kuniuliza kama najua hata Kiswidi, sembuse Kilatini. Miaka kumi na minane sasa. Hakuna aliyeniuliza baada ya misa.

Unasema watakatifu wote unao kichwani. Hilo naliamini, maana ndiyo silaha uliyonipigia seminari nzima. Kila tarehe kumi na nane Mei ulikuwa ukisimama bwaloni na kutangaza kwamba Venansio, mtakatifu wangu, amefutwa kwenye kalenda, wakati Alfonsi wako ana misa yake na wimbo juu. Uliwahi kujua nilichofanya? Niliingia sakristia nikafungua misale ya zamani, ile iliyoliwa na mchwa, nikamkuta amekaa mahali pake. Muhula mzima niliisoma misale ile kuliko vitabu vya darasani.

Nitakusaidia. Nimeshaanza. Mwandiko wa hati ya tatu si mgumu, mwandishi alikuwa na haraka tu, anakata maneno katikati kama mtu anayeogopa wino utaisha.

Vénant Barutwanayo

*

Rissne
17 Novemba 2024

Alphonse,

Hizi ni hati ya tisa hadi ya kumi na mbili, zimekamilika. Ile hati moja ya ngozi iliyochomoka kwenye furushi, ya mjane Agnes Pye, nimeisoma mara sita. Ni safi sasa. Nimekuachia tarehe zote uzigeuze mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yako.

Asante kwa kipande cha gazeti. Umependeza. Padri kutoka Tanzania afufua kijiji cha Kiingereza, wanasema. Nimesoma makala nzima nikitafuta kama umesema mahali popote kwamba kuna mtu mwingine. Hujasema.

Mke wangu Emérithe amekibandika kipande hicho kwenye friji, chini ya ratiba ya zamu zake. Kila nikifungua kuchukua maziwa unanitazama na kola yako. Jana alimwonyesha mgeni wetu, Mama Ghislaine wa ghorofa ya juu, akasema, "Huyu ni rafiki yetu, anaandika kitabu Uingereza." Nilikuwa nimekaa palepale, na lenzi mkononi, juu ya hati zako. Mama Ghislaine akaniuliza kama nafanya mafumbo ya gazetini.

Nakuonea wivu, Alphonse. Afadhali niseme kuliko kukaa nao.

V.

*

Sundbyberg
24 Novemba 2024

Padri Alphonse,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia nikiwa kazini, kwenye chumba cha kahawa cha nyumba ya wazee, kwa sababu sitaki Baba Annick aione barua hii. Ukinijibu, nijibu kwa anwani ya hapa kazini.

Tangu bahasha zako zianze kufika, mume wangu amekuwa mtu mwingine. Anarudi kutoka Kista saa sita mchana, hali chakula, hakai kwenye televisheni, anatandaza karatasi zako mezani. Juzi nilimsikia akicheka peke yake jikoni. Nikakimbilia kuona. Ananiambia kuna mtu wa mwaka 1362 ameshtakiwa kwa sababu bata wake wameingia kwenye ngano ya jirani na kukataa kutoka. Padri, sijamsikia akicheka hivyo tangu tufike nchi hii.

Lakini anateseka pia. Anakuonea wivu, nasema wazi kwa kuwa wewe ni padri na umesikia makubwa kuliko hayo. Annick alimuuliza kwa Kiswidi, "Pappa, står ditt namn i boken?", yaani jina lako limo kitabuni? Akakunja karatasi akaenda kuoga.

Naomba uweke jina lake. Nyuma, pembeni, popote. Na usimwambie kwamba nimekuomba. Unakijua kiburi chake. Akisikia mke wake amemwombea jina, atachana kila kitu na mimi nitalala na Annick chumba kimoja hadi Pasaka.

Niombee,
Emérithe

*

Wexbourne
9 Desemba 2024

Mama Annick,

Milele amina. Umeniaibisha, na nilistahili.

Nikwambie ukweli: jina lake lilikuwepo tayari, kwenye orodha ya shukrani, kati ya mama anayetuletea keki na fundi wa kompyuta. Niliposoma barua yako nilijiona mdogo. Nimekwenda kwa katibu leo na nakala za Vénant mkononi, nikamwonyesha kurasa zake na zangu pamoja. Hakuhitaji maelezo. Wahariri watakuwa wawili. Jina lake litakuwa jaladani, la kwanza, langu chini yake, kama lilivyokuwa likisomwa kwenye ubao wa matokeo.

Nitampelekea prufu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, azipitie, bila ukurasa wa majina. Acha ashtuke siku kitabu kitakapofika. Tafadhali vumilia nawe.

Padri Alphonse

*

Wexbourne
3 Februari 2025

Vénant,

Prufu hizi hapa! Ni kurasa zote, pamoja na utangulizi wangu. Zinatakiwa kwa mpiga chapa katikati ya Machi. Baada ya hapo hakuna kugusa. Pitia kwa lile jicho lako baya. Ukiona kosa, hata nukta, niambie, sitanuna.

Utangulizi ndio ninaojivunia. Soma ukurasa wa kumi na nne, habari za Agnes Pye. Ile ngozi iliyochomoka imetupa kisa kizuri. Agnes anakuja mahakamani Jumatatu kabla ya Tomaso Mtume, anajiita mjane wa Walter, anaomba abaki katika nyumba ya marehemu. Lakini hati nyingine inasema Walter alikufa siku ya Mikaeli, mwisho wa Septemba mwaka uleule. Yaani mwanamke alikwenda kulia ujane mwezi wa sita, mume yu hai nyumbani anakunywa pombe! Mahakama ikamtoa, nyumba ikapewa mpwa wa Walter. Nimeandika kwamba Agnes ni "mwongo wa kwanza tunayemjua kwa jina katika Aldersham." Katibu alicheka hadi miwani ikaanguka.

Najua mwaka jana nilikukwaza na lile gazeti. Subira kidogo tu, ndugu yangu.

Alphonse

*

Rissne
1 Machi 2025
(Imeandikwa kwenye daftari. Haikutumwa.)

Alphonse,

Agnes hakuwa mwongo. Mwongo ni kalenda yako.

Tomaso Mtume tunamwadhimisha tarehe tatu Julai tangu Roma ilipopanga upya kalenda, 1969. Kabla ya hapo, karne kwa karne, alikuwa tarehe ishirini na moja Desemba. Mwandishi wa Aldersham hakuwa na kalenda yako ya misa ukutani. Jumatatu kabla ya Tomaso, kwake, ni siku tano kabla ya Krismasi. Walter amekufa Septemba, Agnes amekuja mahakamani Desemba, mjane halali wa miezi mitatu. Wakamtoa nyumbani kwenye theluji, na wewe miaka mia sita baadaye umemwita mwongo watu wacheke.

Sikuhitaji jedwali. Babu yangu, aliyetoroka Burundi 1972 akinibeba tumboni mwa mama, kwa maana ya kwamba alimbeba mama mgongoni, alizaliwa wiki ya Krismasi akabatizwa jina la mtakatifu wa siku, kama ilivyokuwa desturi kwetu. Aliitwa Tomasi. Ndiye aliyenipa na mimi jina la mtakatifu wa siku, kwa kalenda yake ya zamani, hakuna aliyemwambia kwamba imebadilika. Mimi na babu yangu ni watoto wa kalenda iliyofutwa. Ungeniuliza, ningekwambia kwa sekunde moja. Lakini unao wote kichwani.

Nilikuwa nimeshachukua kalamu kukuandikia hayo jana. Kisha nikatafuta kadi ya treni kwenye koti la Emérithe, nikakuta bahasha tupu. Stempu ya Uingereza, mwandiko wako, jina lake, anwani ya kazini kwake. Miezi yote hii mnaandikiana. Simwulizi. Nikimwuliza atanijibu, na siwezi kusikia jibu.

Ulichukua upadri nilioshindwa kumaliza. Umechukua Kilatini changu ukakitia kwenye gazeti. Uko kwenye friji yangu. Na sasa uko kwenye koti la mke wangu.

Basi chapisha. Chapisha ukurasa wa kumi na nne kama ulivyo. Kuna watu wenye majedwali katika kaunti hiyo, ipo siku mmoja wao atafungua kitabu, na jina la mhariri litakuwa palepale jaladani.

*

Rissne
2 Machi 2025

Padri Alphonse,

Nimepitia kurasa zote. Ukurasa wa thelathini na moja kuna mkato umerudiwa. Zaidi ya hapo sijaona kosa.

Hongera.

Vénant

*

Wexbourne
16 Juni 2025

Vénant! Vénant!

Usisome barua hii kwanza. Chukua kitabu, tazama jalada, kisha urudi.

Umerudi? Nimewaza sura yako mwezi mzima. Ndiyo, ni jina lako, na ndiyo, liko juu. Vitabu mia tatu, na viwili vya kwanza vya maktaba ya kaunti nimevipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Jina la Barutwanayo litakaa kwenye rafu ile wakati mimi na wewe tumeshasahauliwa.

Usinishukuru mimi. Mama Annick aliniandikia Novemba, kwa siri, akanitia aibu ya kutosha. Nilimjibu kazini kwake ili usijue. Mara moja tu, na nilitoka jasho kwa uongo huo mdogo kuliko kwa kitubio. Sasa yamekwisha, mbusu mkeo, na umwambie Annick jibu la swali lake.

Mwezi wa tisa kuna uzinduzi. Chama kimekualika rasmi. Watataka tusome kitu, na wote wanaomba kile kisa cha Agnes.

Alphonse

*

Rissne
3 Julai 2025

Alphonse,

Nimekaa na kitabu siku kumi bila kukujibu. Leo umesoma misa ya Tomaso, nami nimeona ndiyo siku ya kukwambia.

Ndani ya bahasha hii kuna kurasa mbili nilizozing'oa kwenye daftari langu. Ni barua ya tarehe moja Machi. Isome, kisha urudi hapa, kama ulivyoniambia mimi.

Nililiona kosa. Nikalificha makusudi ili uaibike. Sina la kuongeza kwenye hilo, na nikiongeza nitakuwa najitetea.

Siku kitabu kilipofika Emérithe alikuwa amenunua keki. Annick aliweka picha ya jalada kwenye simu yake, wenzake wakamwandikia maneno mazuri, na kwa mara ya kwanza maishani aliniomba kwa Kiswahili nimsomee kitu. Akafungua popote. Akafungua kumi na nne. Nilimsomea habari za Agnes mwongo, kwa sauti, mke wangu akicheka, na jina langu likiwa juu ya maneno yale.

Nilipoomba hifadhi nchi hii, afisa aliyenihoji alikuta tarehe ya kuzaliwa niliyoitaja haifanani na iliyo kwenye cheti. Karani wa kambi ya wakimbizi alikuwa amekosea mwaka. Waliandika kwamba maelezo yangu hayaaminiki, na nikangoja miaka miwili. Kwa hiyo hakuna mtu katika Ulaya nzima aliyejua kuliko mimi kitu gani kinafanyika mtu anapoitwa mwongo kwa sababu ya tarehe ya mtu mwingine. Nami nilimwacha Agnes hapo, kwa sababu ya bahasha.

Nimemwambia Emérithe yote. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye friji, akabandua kipande cha gazeti, akakitia kwenye kitabu kama alama ya ukurasa, kisha akaniuliza, "Uliniona mimi hivyo?" Nikamjibu ndiyo. Tangu siku hiyo ananiandalia chakula, yeye mwenyewe anakwenda kula kwa Mama Ghislaine.

Toa jina langu, kama linaweza kutolewa.

Vénant

*

Wexbourne
20 Julai 2025

Vénant,

Nimekasirika. Nimeandika barua tatu nikazichana, na hii ya nne nimeiandika baada ya kuungama, kwa hiyo ni fupi.

Jina halitoki. Vitabu viko kwenye maktaba. Nimefungua jedwali ambalo nililicheka mwaka mzima, na Tomaso amekaa pale pale uliposema, Desemba, herufi kubwa. Nimemwambia katibu. Hakucheka safari hii.

Nami nikwambie langu. Miaka sita nilikuwa wa pili. Unajua kwa nini sikufungua jedwali, hata mara moja? Nilijua kila ukurasa utapita mikononi mwako, na nilitaka uone kwamba sihitaji. Wewe unanionea wivu mimi, ninayekula supu ya kopo peke yangu mbele ya redio. Mimi nilisoma barua ya mkeo aliyekimbilia jikoni kukutazama ukicheka, nikaikunja, nikakaa nayo muda mrefu kuliko inavyompasa padri. Tumekuwa wajinga wawili wa Kilatini.

Kosa ni langu. Ukimya ni wako. Katika chama hiki, kitabu kikikosewa wanachapa kikaratasi cha masahihisho na kukitia ndani ya kila nakala. Katibu anataka vikaratasi mia tatu. Nimemwambia kitaandikwa Rissne.

Kiandike. Sitagusa neno.

Alphonse

*

Rissne
14 Agosti 2025

Alphonse,

Nakutumia kikaratasi kwa Kiswahili kwanza, ukitafsiri usilainishe. Emérithe amekisoma kabla ya kukitia kwenye bahasha. Alisahihisha kituo kimoja, akaketi mezani, akala.

V.

MASAHIHISHO
Ukurasa wa 14 na wa 63

Mahakama iliyotajwa hapa haikukaa tarehe 28 Juni 1361. Ilikaa tarehe 20 Desemba 1361. Sikukuu ya Tomaso Mtume ilikuwa Desemba wakati huo. Wahariri walitumia kalenda ya sasa.

Walter Pye alikuwa amekufa miezi mitatu kabla. Agnes alikuwa mjane wake, kama alivyosema. Alitolewa nyumbani siku tano kabla ya Krismasi. Maneno "mwongo wa kwanza" yafutwe.

Mmoja wa wahariri aliliona kosa hili kabla ya kitabu kuchapwa, akanyamaza kwa wivu. Jina lake ni la kwanza kwenye jalada.